MUYAKA NA MALI ISIYO NA DAFTARI

Mwaka huu nimeamua kuwasimulia maisha ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, mshairi wetu wa Mombasa. Wengi wetu twamjua kwa jina tu, tena kwa ajili ya mtihani.

Muyaka alizaliwa yapata mwaka wa 1776. Wakati huo Mombasa ilitawaliwa na Wamazrui, naye alikuwa mtu wao wa karibu. Mji ulipozozana na Lamu au na Seyyid Said wa Oman, Muyaka aliingia vitani kwa mashairi. Lakini hakuishia kwa wakubwa. Alitunga pia juu ya mapenzi, biashara na mambo ya nyumbani, akalipeleka shairi sokoni na barazani. Yale mashairi ya mishororo minne na mizani 16 yanayotutoa jasho darasani, kwake yalikuwa kama mazungumzo. Seyyid Said aliitwaa Mombasa mwaka wa 1837, na yapata 1840 Muyaka akafariki.

Hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu, na kila mzee aliyezikwa alizikwa na beti zake. Ndipo akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah Al-Batawi, msomi wa Mombasa. Katika miaka ya 1880 aliyakusanya mashairi hayo, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Alisaidiana na Mwingereza William Taylor, mmisionari wa CMS, chama kilekile kilichoanzisha Freretown hapa Kisauni mwaka wa 1875. Ukitoka Utange kwenda mjini kwa matatu, ile kengele ya Kengeleni ni ukumbusho wao.

Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Je, angalingoja miaka kumi zaidi ndipo aanze? Kwa bahati nzuri kazi ilikuwa imefanyika, na mwaka wa 1940 William Hichens akaitoa diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Mwaka wa 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kingine Nairobi.

Jambo hili lanikumbusha Francesco Petrarca wa Italia. Mwaka wa 1345 alizikuta barua za Cicero katika maktaba ya kanisa mjini Verona. Wasomi wengine nao wakatafuta vitabu vya kale, na elimu ya Ulaya ikaamka upya. Lakini barua zile zilikuwa zimeandikwa, kwa hiyo zilimngoja Petrarca karne nyingi. Mashairi ya Muyaka yalikuwa vichwani, na kichwa hakingoji.

Nayasema haya kwa uchungu. Marehemu babu yangu alijua nyimbo nyingi za zamani za Kigiriama. Aliniambia njoo uandike, nikamwambia ngoja shule ifungwe kwanza. Ilipofungwa mwezi wa Agosti, babu alikuwa hospitalini, hawezi tena kusema. Nimebaki na wimbo mmoja na nusu, basi.

Sasa nina daftari la kurasa 48, na kila Jumapili jioni nakaa na nyanya mkekani. Yeye asema, mimi naandika. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari. Wanachama wenzangu, likizo ni ndefu, na kalamu mnazo. Msingoje kama nilivyongoja mimi.