Shingo Moja, Mabega Maelfu

Kila nifundishapo Vita Vikuu vya Kwanza, wanafunzi hutaka kujua Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa nani. Huwaeleza kwamba alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1870, mwana wa afisa wa jeshi. Mnamo Novemba 1914 aliwashinda Waingereza mjini Tanga, kisha akawahangaisha kwa miaka minne.

Mwaka wa 1916 Kaisari Wilhelm wa Pili alimtunukia nishani ya Pour le Mérite, iliyoanzishwa na Frederick wa Pili wa Prussia mwaka wa 1740. Ni msalaba wa buluu wenye kingo za dhahabu, na baina ya mikono yake wamo tai. Ilivaliwa shingoni. Jina lake ni la Kifaransa, lugha aliyoipenda mfalme huyo, na lamaanisha kutuzwa kwa ustahili.

Ustahili wa nani? Hapo ndipo ninapowatulizia kalamu wanafunzi wangu. Mizigo ya kamanda huyo ilibebwa na Waafrika, na chakula chake kilitwaliwa vijijini. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waingereza nao hawakuwa na nafuu: Kariokor ya Nairobi imerithi jina la kikosi cha wachukuzi wao, waliokufa kwa makumi ya maelfu.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 25, 1918, akalakiwa kishujaa Berlin, akafariki mwaka wa 1964 akiwa na miaka 93. Walimu wenzangu, tuufundishe msalaba wake, lakini tusiyasahau mabega yaliyoubeba.