Abebe Bikila na Mwenziwe Mamo

Ukifika Garissa, ndugu msomaji, ukaketi barazani jua likiwa limekwisha punguza makali yake, mazungumzo ya mbio hayakawii kufika kwa Abebe Bikila. Wala si ajabu. Nchi hii ya Kaskazini Mashariki imepakana na Ethiopia, na Waorma na Wamunyoyaya wa kando ya Mto Tana husema lugha iliyo ndugu na Kioromo, lugha ya kwao Bikila. Nanyi wa Kipini, ambako mto huo huo huingia baharini, mna fungu lenu katika habari hii.

Kila mtu husimulia zile nyayo tupu za Roma. Mimi nimependa zaidi habari ya mwenziwe.

Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1932, katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa. Alipokuwa kijana aliingia katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko akafunzwa na Msweden mmoja, Onni Niskanen. Katika kikosi hicho alikuwamo pia Mamo Wolde, aliyezaliwa mwaka ule ule. Mamo ndiye aliyetangulia kwenda Olimpiki, Melbourne mwaka 1956, akakimbia mbio fupi fupi asipate kitu.

Mbio za marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Fikiri mtu atoke Mombasa kisiwani kwa miguu, aipite Mariakani, na njia yote asitembee bali akimbie. Mjini Roma, tarehe 10 Septemba, 1960, walianza alasiri ili kuepa joto, jambo ambalo sisi wa Garissa tunalielewa sana, wakamaliza usiku askari wakiwashikia mienge. Bikila hakuvaa viatu. Aliyekwenda naye bega kwa bega ni Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, na karibu na mwisho, walipoupita mnara wa Axum ambao Wataliani waliunyakua Ethiopia zama za Mussolini, Bikila akamwacha. Alitumia saa 2, dakika 15 na nukta 16. Hapo ndipo Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka Afrika Mashariki alipotwaa dhahabu ya Olimpiki. Mnara wenyewe ulirudishwa kwao mwaka 2005.

Tokyo, mwaka 1964, rafiki hao wawili walianza marathoni pamoja. Bikila alikuwa amepasuliwa kidole tumbo wiki chache tu kabla yake. Mamo alishindwa njiani, akatoka. Bikila aliendelea peke yake, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na nukta 11, kisha akalala chini uwanjani kufanya mazoezi ya viungo, kana kwamba ndiyo kwanza anataka kuanza!

Basi ikaja Mexico, 1968, mji ulio juu sana, hewa yake nyepesi. Wiki ile Mamo alikuwa amekwisha pata fedha katika mita 10,000, dhahabu ikamwendea Naftali Temu wetu wa Kenya. Siku ya marathoni, tarehe 20 Oktoba, Bikila alisimama mstarini na mguu mbovu. Walikwenda pamoja kiasi cha kilomita 17, mguu ukakataa. Mamo alisimulia baadaye kwamba Bikila alimwambia yeye hawezi tena, na kwamba sasa kazi ya kushinda ni yake. Hebu fikiri uzito wa neno hilo kwa mtu aliyekuwa akiitafuta dhahabu ya tatu. Kumngoja rafiki kusingemfaa Bikila kitu, na kumwacha ndiko kulikokuwa kumtii. Mamo akaenda, akashinda, naye alikuwa na umri wa miaka 36.

Miezi mitano baadaye, Machi 1969, gari dogo la Bikila lilipinduka usiku nje ya Addis Ababa. Akapooza miguu. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, lakini hakutembea tena. Akajifunza kulenga shabaha kwa upinde akiwa kitini, hata akashindana nao; na huko Norway akapanda kigari cha theluji kinachovutwa na mbwa. Mtu huyu hakujua kukaa kitako.

Mwaka 1972 alialikwa Munich kama mgeni wa heshima, akaenda katika kiti chake cha magurudumu. Mamo, mwenye miaka 40 sasa, alikimbia tena akapata shaba.

Bikila alifariki tarehe 25 Oktoba, 1973, kwa kuvuja damu ubongoni, umri wake miaka 41. Mamo aliishi miaka mingi baada yake, lakini haikuwa raha: baada ya serikali ya Mengistu kuanguka alishtakiwa kwa mauaji ya zama hizo, mwenyewe akikana, akakaa gerezani kiasi cha miaka tisa. Alitolewa mwanzoni mwa mwaka 2002, na mwezi wa Mei akafa. Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Yosefu, Addis Ababa, alikolala Bikila.