Sandy Denny: Aliondoka mapema, sauti imebaki

Mwimbaji Sandy Denny alizaliwa London Januari 6, 1947. Aliacha chuo cha sanaa akawa anaimba na kupiga gitaa kwenye vilabu vya jiji hilo. Mwaka 1967, akiwa na kundi la Strawbs, alirekodi wimbo alioutunga mwenyewe, Who Knows Where the Time Goes?, unaohusu muda unavyopita.

Mwaka 1968 alijiunga na Fairport Convention. Albamu yao ya 1969, Liege & Lief, ilichanganya nyimbo za kale za Uingereza na magitaa ya umeme. Wasomaji wa gazeti la Melody Maker walimchagua mwimbaji bora wa kike wa Uingereza mwaka 1970 na 1971. Hata hivyo, albamu zake nne za peke yake hazikuuza sana.

Alifariki Aprili 21, 1978, akiwa na miaka 31 tu, akaacha mtoto mchanga. Mwaka 2010 rekodi zake zilikusanywa katika CD 19.

Anayetaka kumfahamu aanze na wimbo ule wa 1967, kisha asikilize alivyourudia na Fairport mwaka 1969. Wimbo ni ule ule, ila sauti imekomaa.