William Hyde Wollaston

William Hyde Wollaston (6 Agosti 1766 – 22 Desemba 1828) alikuwa daktari na mwanasayansi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kugundua elementi za paladi na rodi, lakini pia ndiye aliyeonyesha kwamba hatujui mtu anaangalia wapi kwa kuyatazama macho yake peke yake.

Maisha

Alizaliwa East Dereham, katika Norfolk. Alisomea tiba Cambridge akapata shahada ya udaktari mwaka 1793, ila aliacha kutibu mwaka 1800. Alitajirika kwa njia yake ya kufanya platini iweze kufuliwa, ambayo aliificha karibu hadi kufa.

Utafiti juu ya macho

Mwaka 1824 alitoa makala kuhusu macho ya watu waliochorwa. Mchoraji mashuhuri Thomas Lawrence alimsaidia kwa michoro. Wollaston alichukua macho yaleyale akabadilisha sehemu ya chini ya uso tu, pua na mdomo vielekee upande mwingine. Macho hayakuguswa hata kidogo, lakini yalionekana kuangalia kwingine.

Sababu ni kwamba nafasi ya mboni kati ya weupe wa jicho inaonyesha tu jicho limegeuka kiasi gani kulingana na kichwa. Ili kujua mtu anaangalia wapi, ni lazima kujua pia kichwa kimeelekea wapi, na hapo pua ndiyo dalili kubwa. Kila mtu hufanya hesabu hiyo bila kujitambua.

Alieleza pia kwa nini picha ukutani huonekana kumfuata mtazamaji kwa macho, jambo ambalo wengi bado hulishangaa. Picha ni bapa: mtu akisogea pembeni, pua iliyochorwa haigeuki kama ya mtu hai, hivyo uso hubaki umemwelekea.

Ugonjwa na kifo

Mwaka huohuo aliandika kuhusu macho yake mwenyewe. Mara mbili, kwa muda mfupi, alikuwa amepoteza nusu ya uwezo wa kuona, katika macho yote mawili kwa pamoja. Safari moja alisoma jina Johnson juu ya mlango akaona herufi tatu za mwisho tu. Kutokana na hilo alikisia kwamba nusu ya nyuzi za kila neva ya jicho huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Alipofariki London, maiti yake ilipasuliwa, ukakutwa uvimbe ubongoni.