Adolphe Quetelet, mwalimu wa hesabu aliyepima watu

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakitoka, familia nyingi za Kasongo na Kabambare zinarudilia mazungumzo yaleyale. Mtoto amefaulu seksio ya hesabu na fizike, na sasa anataka kwenda iniversite kusoma hesabu na statistiki. Baba anauliza ile hesabu itamlisha namna gani. Mjomba anaona afadhali asomee udaktari ao sheria. Hatuwezi kuwacheka, juu njia ya kufika Kindu, Bukavu ao Kisangani ni ndefu, na franga ya masomo inatoka shambani. Lakini leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu aliyesoma hesabu, na ambaye kazi yake inatumika hata kwenye vituo vya afya, ingawa wengi hawamjui kwa jina.

Adolphe Quetelet alizaliwa Gand, Ubelgiji, tarehe 22 Februari 1796. Alipokuwa na miaka saba baba yake akafa. Ilimbidi kutafuta kazi mapema, na kwa miaka 19 alikuwa tayari mwalimu wa hesabu katika koleji ya mji wake. Moyo wake ulipenda pia mashairi. Hata aliandika opera pamoja na rafiki yake Dandelin. Mwaka 1817 iniversite ikafunguliwa palepale Gand, na profesa Garnier akamvuta upande wa hesabu. Mwaka 1819 Quetelet akapata udaktari wa sayansi, wa kwanza kutolewa na chuo kile. Munaona: yatima aliyekuwa anashika chaki ndiye alifungua orodha.

Akahamia Bruxelles kufundisha. Kiisha, mwaka 1823, serikali ikamtuma Paris kujifunza kazi ya kuangalia nyota, juu alitaka Bruxelles nayo ijengewe kituo cha kazi hiyo. Kule alikutana na mabingwa kama Laplace na Fourier, akarudi na zaidi ya kile alichoendea. Wapimaji wa nyota walikuwa na shida moja: nyota ileile, ukiipima mara kumi, unapata majibu kumi yanayotofautiana kidogo. Ni sawa na gunia moja la mchele likipimwa na watu kumi. Dawa yao ilikuwa kujumlisha majibu yote na kugawanya kwa kumi, ndiyo wastani. Quetelet aliona kwamba njia hiyo inaweza kutumika kwa watu pia.

Mwaka 1835 akatoa kitabu kikubwa juu ya binadamu na kukua kwake. Ndani yake alihesabu kuzaliwa, kufa, ndoa, urefu, uzito, hata makosa ya jinai. Aliona makosa yanakaribiana idadi mwaka kwa mwaka, akafikiri kwamba shina lake haliko kwa mwenye kosa peke yake, liko pia katika namna watu wote wanavyoishi. Wengine walikasirika, wakaona anamnyima mtu hiari yake.

Ndani ya vipimo vile kulitoka kitu ambacho wauguzi wanakijua: indisi ya Quetelet. Mtu mzima ana kilo 45 na urefu wa metre 1,60. Unazidisha 1,60 kwa 1,60, unapata 2,56. Unagawanya 45 kwa 2,56, unapata 17,6. Chini ya 18,5 mtu anahesabiwa kuwa amekonda kupita kiasi. Hesabu ya dakika moja, lakini inaweza kuonyesha njaa mbele mtu hajaanguka.

Mwaka 1846 Quetelet aliongoza hesabu ya watu wa Ubelgiji, nyumba kwa nyumba, na mwaka 1853 akakusanya Bruxelles mkutano wa kwanza wa kimataifa wa statistiki. Mwaka 1855 ugonjwa wa kiharusi ulimpiga, lakini hakuacha kazi. Alikufa tarehe 17 Februari 1874, siku tano mbele ya kutimiza miaka 78. Mwaka uleule Mwingereza Cameron alikuwa anavuka Manyema mpaka Nyangwe. Wazungu walikuwa bado wanatafuta njia za mito yetu.

Hatutaki kumfanya malaika. Quetelet alipenda wastani kupita kiasi, mpaka akauona kama mfano wa mtu kamili, na wengine wote kama makosa ya kipimo. Pale aliteleza. Kijiji kimoja kikivuna gunia 20 na kingine kisivune kitu juu watu walikimbia vita, wastani ni gunia 10. Lakini hakuna kijiji hata kimoja kilichovuna 10, na watoto wa kile cha pili wanalala njaa. Mwenye kusoma statistiki vizuri anajifunza kuuliza nani amefichwa nyuma ya wastani.

Swali la namna hiyo limekwisha kuulizwa hapa kwetu. Miaka ya 1970, waganga wa Mradi wa Kasongo, wakishirikiana na chuo cha dawa za nchi za joto cha Anvers, walifuata watoto waliochanjwa surua na wale wasiochanjwa. Walitaka kujua kama mtoto aliyeokoka surua anaendelea kuishi, ao kama anakuja kufa na ugonjwa mwingine. Walikuta kwamba faida ya chanjo ilikuwepo, lakini ilipungua kadiri watoto walivyokua. Kazi yao ilitoka mwaka 1981 katika jarida la Uingereza, The Lancet, na ikaleta mabishano marefu kati ya wataalamu. Ndiyo kusema watoto wa Kasongo, kwa kuhesabiwa tu, walifanya wakubwa wa dunia wafikiri upya.

Na leo? Nchi yetu ilifanya hesabu ya watu wote mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu pale, wanaogawa dawa, masomo na barabara wanakadiria tu. Kijiji kisichohesabiwa hakina sauti pale mambo yanapogawanywa. Basi, baba na mjomba, mtoto akisema anakwenda kusoma hesabu, musimwambie hiyo si kazi. Huenda yeye ndiye atakuja kuhesabu kijiji chenu.