Theodor Kocher: daktari aliyewaita wagonjwa wake warudi

Katika vyumba vya upasuaji vya hospitali zetu kuna koleo lenye meno nchani, la kubania mishipa ya damu, ambalo madaktari na wauguzi huliita Kocher tu. Hilo ni jina la mtu, na mtu huyo ndiye aliyeufunza ulimwengu, kwa njia chungu, kazi ya tezi tuliyo nayo shingoni.

Emil Theodor Kocher alizaliwa mjini Bern, Uswisi, tarehe 25 Agosti 1841. Alisomea udaktari papo hapo Bern, na mwaka 1872, akiwa na miaka 30 tu, akapewa uprofesa wa upasuaji. Alibaki mji huo hadi kufa kwake.

Uswisi ya wakati ule ilikuwa nchi ya rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wengine huuita goita. Udongo wa mabonde ya milima ya Alps hauna iodini ya kutosha. Sisi wa mwambao tunaokula samaki wa baharini ni vigumu kuipata picha yake: vijiji ambamo shingo kubwa lilikuwa jambo la kawaida, na wengine uvimbe ukiwabana koo hata pumzi ikawa shida. Kuukata ilikuwa hatari tupu. Tezi hiyo, thairoidi, imejaa damu, na katikati ya karne ya 19 karibu wagonjwa wanne katika kila kumi walifia kwenye upasuaji wake.

Kocher hakuwa na haraka. Alisafisha vyombo na vidonda kwa dawa kama alivyofunza Lister wa Uingereza, akafunga kila mshipa kabla ya kuukata, na kazi yake ikawa haina damu nyingi. Vifo vikashuka mwaka baada ya mwaka mpaka vikawa chini ya kimoja katika kila mia. Wagonjwa wakamiminika Bern. Na kwa kuwa alikuwa fundi hasa, aliiondoa tezi yote, asibakishe kipande, kwani hakuna aliyejua tezi hiyo ina faida gani.

Mwaka 1874 alimfanyia hivyo msichana wa miaka 11. Kidonda kikapona vizuri. Baadaye daktari wa kwao akaona kwamba mtoto amebadilika tabia na kuwa mzito, lakini jambo hilo halikufuatiliwa. Miaka minane ikapita. Ndipo mwaka 1882 daktari wa Geneva, Jacques-Louis Reverdin, akamwambia Kocher kwamba ameona mabadiliko ya ajabu kwa watu aliowatoa tezi.

Kocher angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaandikia wagonjwa wake wa zamani warudi wamwone. Kati ya 34 walioondolewa tezi yote, 18 walifika, na 16 kati yao walikuwa wameharibika: nyuso na mikono imevimba, ngozi kavu, baridi haiwaishi mwilini, mwendo na fikra vimepungua kasi. Yule msichana alikuwa amedumaa. Mdogo wake, ambaye zamani watu waliwachanganya kwa kufanana, alikuwa mwanamke mzima. Yeye alibaki na kimo cha mtoto, na akili imezubaa.

Mwaka 1883 aliyasema yote mbele ya mkutano wa madaktari wapasuaji wa Ujerumani, na hakuiondoa tena tezi yote kwa ugonjwa wa rovu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ukubwa wake ulipo, kuliko kwenye kisu. Sababu yenyewe aliikosea mwanzoni, akidhani koromeo limeumia na wagonjwa wanakosa hewa. Cha kushangaza, wapasuaji wenye haraka kumzidi, walioacha vipande vya tezi nyuma, waliwaponya baadhi ya wagonjwa wao na balaa hilo bila kujua.

Leo tunajua mwendo wake. Thairoidi huchukua iodini kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni inayouambia mwili utumie nguvu kwa kasi gani: joto, mapigo ya moyo, kukua kwa mtoto. Juu yake kuna msimamizi, tezi ndogo kama punje ya mbaazi chini ya ubongo. Homoni ikipungua, msimamizi huyo huisukuma thairoidi ifanye kazi zaidi, ikizidi, hunyamaza. Pasipo iodini tezi husukumwa bila kuwa na cha kutengenezea, ikazidi kuvimba. Hilo ndilo rovu.

Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimdunga mgonjwa maji yaliyotokana na tezi ya kondoo, na mgonjwa huyo akaishi miaka mingine 28. Waliokosa tezi wakawa wamepata dawa. Kocher mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, mpasuaji wa kwanza kuipata, na alikuwa amekwisha kupasua tezi hizo kwa maelfu. Alifariki Bern tarehe 27 Julai 1917.

Miaka mitano baadaye Uswisi ikaanza kutia iodini kwenye chumvi, na rovu likaanza kutoweka mabondeni. Kenya nayo ina sheria ya kutia iodini kwenye chumvi. Chumvi inayovunwa kwenye mabwawa ya Magarini hutiwa iodini kabla ya kufungwa kwenye pakiti na kupelekwa bara, kwa watu wasioonja samaki wa baharini.