Aliuza lulu zake, mabinti wakauza biskuti: Maisha ya Juliette Gordon Low

Jumamosi iliyopita nilishuka stegi nikapatana na wasichana wanne wamevaa skafu za skauti, wamebeba katoni ya biskuti. Walikuwa wanachangisha pesa za kwenda kambi. Nikafanya kile wengi wetu hufanya: nikasema sina pesa mkononi. Mdogo wao, ambaye sidhani hata amefika gredi ya sita, akanionyesha namba ya M-Pesa iliyoandikwa juu ya katoni. Nikakosa pa kutorokea. Nikanunua pakiti mbili.

Nikiwa kwa matatu nikizitafuna nilianza kujiuliza, nani alianzisha mambo haya ya watoto kuuza biskuti badala ya kupitisha bakuli la mchango? Swali hilo linanigusa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kabla sijaacha tulijaribu kuchanga. Kadi zikasambazwa, ahadi zikaandikwa kwa kalamu nzuri, pesa zikakataa kuja. Tangu siku hiyo najua kuomba ni kazi ngumu kuliko kuuza.

Basi nikafuata hiyo njia ya biskuti hadi Marekani, na huko nikakutana na mama mmoja aliyekufa karibu miaka mia moja iliyopita. Anaitwa Juliette Gordon Low, mwanzilishi wa Girl Scouts. Niseme mapema ili usije ukanishika uongo: si yeye aliyebuni biskuti hizo. Lakini ukifuata maisha yake utaona kwa nini ilibidi mtu azibuni.

Juliette alizaliwa Oktoba 31, 1860 mjini Savannah, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Nyumbani walimwita Daisy, na jina hilo likamkaa mpaka uzeeni. Babake alikuwa mfanyabiashara wa pamba. Mamake alitoka Chicago, katika familia ya walowezi wa mwanzo wa mji huo. Daisy hakuwa hata na miezi sita vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Babake alipigana upande wa Kusini, ule uliotaka utumwa uendelee, ilhali watu wa mamake walikuwa Kaskazini. Na tusiruke hili: pamba iliyoleta utajiri pale Savannah ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Dada huyu alilelewa juu ya pesa hizo.

Utotoni alikuwa na moyo mkubwa na mikono mizito. Inasimuliwa kwamba aliunda kikundi cha kushona nguo za watoto wa wahamiaji maskini kutoka Italia, akajiteua mwalimu wa kushona huku mwenyewe hajui kushona. Nguo zilifumuka mara tu watoto walipozivaa. Wenzake walimcheka, yeye akaendelea tu.

Halafu yakaja mambo ya masikio. Akiwa na miaka kama 25 aliumwa na sikio, akamshawishi daktari amtibu kwa dawa ya nitrati ya fedha iliyokuwa ikisifiwa siku zile. Dawa ikaharibu sikio hilo. Desemba 21, 1886 akaolewa na Willy Low, kijana wa familia tajiri yenye nyumba Savannah na Uingereza. Wageni wakawarushia maharusi mchele, kama ilivyo desturi yao. Punje moja ikaingia kwenye sikio lake zima. Wakati wa kuitoa, ngoma ya sikio ikatoboka. Yaani msichana ameingia kwa ndoa na kiziwi kikaingia naye.

Wakahamia Uingereza. Kwa nje maisha yalikuwa matamu: nyumba kubwa Warwickshire, farasi, karamu, marafiki wa ikulu. Ndani, mume alikuwa mtu wa starehe na chupa, na mara nyingi alimwacha mkewe peke yake. Hawakupata mtoto. Juliette akajitafutia kazi za mikono, akachora, akachonga, hata akajifunza uhunzi na kufua lango la chuma la nyumba yao. Hebu fikiria bibi wa kitajiri wa karne ya 19 akipiga nyundo.

Mwaka wa 1901 mume akawa na mwanamke mwingine waziwazi, wakatengana. Kesi ya talaka ilikuwa haijaisha Willy alipofariki mwaka wa 1905. Wosia uliposomwa, sehemu kubwa ya mali ilikuwa imeandikiwa yule mwanamke mwingine. Juliette, akiwa na miaka 44, alilazimika kupambana kisheria hadi akapata ile nyumba ya Savannah na pesa za kujikimu. Hapo ndipo mimi husimama kwenye hadithi hii. Mtu aliyezaliwa tajiri na kuolewa na tajiri aligundua kwamba mkoba wote aliokuwa akitumia ulikuwa wa mtu mwingine.

Miaka sita ikapita akizungukazunguka bila kujua afanye nini. Kisha mwaka wa 1911 huko Uingereza akakutana na Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Jina hilo Wakenya tunalijua, kwa sababu mzee huyo alimalizia maisha yake Nyeri na kuzikwa pale mwaka wa 1941. Wakati huo tayari wasichana wa Uingereza walikuwa wameanza kudai nafasi yao kwenye skauti, na kundi lao, Girl Guides, lilikuwa limeundwa mwaka wa 1910 chini ya dadake, Agnes.

Juliette aliipenda fikira hiyo papo hapo. Mwaka huohuo akaanzisha kikundi cha wasichana saba huko Glen Lyon, bonde la Scotland lililojaa kondoo na lenye kazi chache. Wasichana wa pale wakikua walikuwa wakienda mijini kutafuta kazi viwandani. Yeye akataka wapate kitu cha kuwaingizia senti wakiwa nyumbani: wakafundishwa kufuga kuku na kusokota nyuzi za sufu, nyuzi zikatafutiwa soko London. Umeona? Hata kabla ya biskuti, kikundi chake cha kwanza kabisa kilikuwa na bidhaa.

Mapema 1912 akarudi Savannah. Akampigia simu binamu yake, Nina Pape, aliyekuwa akiongoza shule ya wasichana, akamwambia ana jambo kwa ajili ya mabinti wa Savannah, wa Marekani nzima na wa dunia, na kwamba wataanza usiku huohuo. Machi 12, 1912 wasichana 18 wakaandikishwa. Wakaanza kutembea porini, kupika nje na kujifunza huduma ya kwanza. Walicheza pia mpira wa kikapu katika uwanja uliozungushiwa mapazia, wapita njia wasije wakawaona na suruali zao pana. Kumbuka wanawake wa Marekani hawakupata haki ya kupiga kura nchi nzima hadi 1920.

Mlango huo haukuwa wazi kwa wote sawasawa. Ilikuwa enzi ya ubaguzi wa rangi uliolindwa na sheria, na kusini mwa Marekani wasichana weusi waliwekwa katika vikundi vyao vya kando kwa miongo mingi. Hilo ni deni la Girl Scouts, na la Juliette mwenyewe pia.

Sasa twende kwa pesa. Miaka ya mwanzo nani alilipa? Yeye. Kodi ya ofisi, vitabu, sare, nauli za gari moshi akizunguka nchi kutafuta viongozi, vyote vilitoka mfukoni mwake. Vikundi vikazidi kuongezeka na mfuko ukazidi kunywea. Pesa zilipokatika akauza mkufu wake wa lulu kwa dola 8,000, na zilikuwa pesa nzito sana siku hizo.

Na alijua kuomba pia, tena kwa mbinu za kuchekesha. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye karamu za matajiri na kofia iliyopambwa kwa karoti na majani mabichi ya jikoni badala ya maua ya dukani, ili watu wamuulize kulikoni, naye aeleze kwamba pesa za kupambia kofia zimekwenda kwa Girl Scouts. Na ule uziwi ukageuka silaha. Mtu akikataa kuchanga au kukataa kazi aliyopewa, Juliette alijifanya hakusikia na kumshukuru kwa kukubali. Siku nyingine alisimama kichwa chini miguu juu katikati ya mkutano wa bodi ili wakubwa waone viatu vipya vya sare. Kwa lugha ya mtaa, huyu alikuwa hasla.

Lakini hasla wa namna hiyo ana shida moja. Yote yanamtegemea mtu mmoja, mkufu wake na marafiki zake. Mkufu huuzwa mara moja tu.

Jibu halikutoka kwake wala kwa bodi. Lilitoka kwa mabinti wenyewe. Mwaka wa 1917, mjini Muskogee, jimbo la Oklahoma, kikundi kilichoitwa Mistletoe kilioka biskuti na kuziuza kwenye kantini ya shule ya upili ili kupata pesa za huduma zao. Marekani ilikuwa imeingia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka huohuo, kila kundi likitafuta namna ya kusaidia. Hawakuwa na lulu. Walikuwa na unga na sukari.

Miaka mitano baadaye, Julai 1922, jarida la Girl Scouts lilichapisha maelezo ya kuoka biskuti, yaliyoandikwa na Florence Neil, kiongozi wao huko Chicago, mji wa mamake Juliette. Vitu vyenyewe ni vya jikoni yoyote: siagi, sukari, mayai mawili, maziwa kidogo, vanila, unga, chumvi na baking poda. Akapiga na hesabu. Viungo vya biskuti dazeni sita au saba viligharimu kati ya senti 26 na 36. Dazeni moja ingeuzwa senti 25 hadi 30. Piga mwenyewe: hata ukiuza dazeni sita tu kwa bei ya chini, unapata dola moja na nusu, na gharama haifiki theluthi ya hizo. Ukishauza dazeni ya pili, zinazobaki zote ni faida. Msichana wa miaka kumi angeweza kuielewa biashara hiyo bila kufundishwa na mtu.

Juliette alikuwa ameacha uenyekiti mwaka wa 1920, lakini hakupumzika. Mwaka wa 1923 aligunduliwa ana saratani ya matiti, akaificha na kuendelea kufanya kazi. Alisukuma mpaka mkutano wa dunia wa Guides na Scouts wa kike ukafanyika Marekani mwaka wa 1926, katika kambi ya Edith Macy, New York. Miezi michache baadaye, Januari 17, 1927, akafariki Savannah akiwa na miaka 66. Alizikwa na sare yake ya Girl Scouts. Wale wasichana 18 walikuwa wamezidi 150,000.

Biskuti ziliendelea bila yeye. Mwaka wa 1933 wasichana wa Philadelphia waliziuza kwenye madirisha ya kampuni ya gesi na umeme, pakiti ya biskuti 44 kwa senti 23. Mwaka uliofuata viwanda vikaanza kuwaokea, na kufikia 1936 shirika lilikuwa likitoa leseni kwa waokaji nchi nzima. Siku hizi huuzwa takriban pakiti milioni 200 kwa mwaka. Kuna wanaolalamika, na wana hoja: kikundi chenyewe hubaki na kipande kidogo cha bei, kingine kikienda kwa kiwanda na kwa baraza la eneo. Na wako wazazi wanaobeba katoni kazini na kuwauzia wenzao huku mtoto yuko nyumbani anatazama katuni. Huo sasa si mradi wa mtoto.

Mwaka wa 2012, Rais Barack Obama alimtunuku Juliette Nishani ya Uhuru ya Rais, miaka 85 baada ya kifo chake. Na mwaka wa 2025 sura yake ikachapwa kwenye sarafu ya Marekani ya senti 25, bei ileile ya dazeni moja ya biskuti katika hesabu za mwaka wa 1922.

Kwa hivyo ukikutana na watoto wa kanisa, wa skauti au wa kikundi cha mtaa wakiuza biskuti, keki au mandazi, fanya hivi. Muulize mtoto mwenyewe pesa ni za nini, acha akueleze. Ikiwa hutaki, mwambie hapana wazi, usimdanganye kama nilivyojaribu mimi. Ikiwa unanunua, lipa bei na umwache ahesabu chenji mwenyewe hata akichelewa. Yule mdogo wa stegi alihesabu mara mbili, kisha akaandika mauzo yangu kwenye daftari, nami matatu ikanipita.